Majana yakioza mzingani: dawa, moto, kukung'uta au malkia mpya?

Harufu ndiyo iliyonishitua. Nilikuwa na mizinga tisa pembezoni mwa mikandaa, upande wa Tumbe, Pemba. Ilikuwa mwezi wa sita, masika yameshakatika na kusi limeanza kuvuma. Nikafungua mzinga wa nne, nikanusa kitu kama maziwa yaliyolala yakachacha. Kundi limepungua, nyuki wanatembea ovyo juu ya masega, na ndani ya vijumba majana, yaani watoto wa nyuki, yamejikunja vibaya, mengine manjano, mengine rangi ya chai ya maziwa.

Ami yangu, ambaye alikuwa akitundika magogo tangu kabla sijazaliwa, alichungulia akasema, "Hawa wana njaa, mwanangu. Mvua imewafungia ndani." Jirani yetu mwenye kuku wa mayai akasema niwape dawa ya kuku, pakiti moja tu, nichanganye na sukari. Na mimi kichwani nilikuwa na nilichokisoma, kwamba mzinga wenye uozo huchomwa moto wote, na nyuki wake. Watu watatu, shauri tatu, na kila moja lina mahali pake. Tatizo ni kwamba mahali pake si pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha tiba, lazima tulinganishe magonjwa.

Uozo ni wa aina mbili

Majana ya nyuki huozeshwa na bakteria wa aina mbili kubwa. Mmoja husababisha ule unaoitwa uozo wa Ulaya, mwengine uozo wa Kimarekani. Majina yasikudanganye: yanatokana na mahali walipokuwa wataalamu walioyachunguza kwanza, si mahali ugonjwa unapoishi. Jedwali hili ni la mtu aliyesimama mbele ya mzinga, bomba la moshi mkononi:

| | Uozo wa Ulaya | Uozo wa Kimarekani |
|---|---|---|
| Bakteria | Melissococcus plutonius | Paenibacillus larvae |
| Jana hufa lini | Mara nyingi siku ya 4 au ya 5, kijumba kikiwa bado wazi | Mara nyingi baada ya kijumba kufunikwa |
| Sura ya jana | Limejipinda, manjano kisha kahawia, mirija ya pumzi inaonekana kama vijistari vyeupe | Limeyeyuka likawa ute wa kahawia chini ya kijumba |
| Vifuniko | Vingi vya kawaida | Vimedidimia, vizito kama vimepakwa mafuta, vingine vina matundu |
| Njiti ya kibiriti | Haivuti uzi, au unakatika upesi | Huvuta uzi wa sentimita 2 na zaidi |
| Gamba likikauka | Hubanduka kirahisi | Limeganda, halitoki bila kuvunja nta |
| Harufu | Uchachu | Gundi ya zamani, au samaki aliyelala |
| Spora (mbegu ngumu za bakteria) | Hana | Anazo, na hukaa hai zaidi ya miaka 35 |

Mstari wa njiti ndio wa kuushika. Chukua njiti ya kibiriti, tumia upande usio na baruti. Tafuta kijumba ambacho kifuniko chake kimebonyea. Toboa, zungusha njiti ndani taratibu, kisha ivute nje polepole. Ikiwa ni uozo wa Kimarekani, ute utaifuata njiti kama bamia iliyopikwa ikainuliwa kwa kijiko: unanyooka, unakuwa mwembamba, haukatiki mpaka umeshafika mbali. Jaribu vijumba vitano au sita, kwa sababu ute huvutika kwa muda wa wiki chache tu baada ya jana kufa. Ukikauka unakuwa gamba jeusi na njiti haikwambii kitu tena. Kila kijumba na njiti yake mpya, na njiti zote zitiwe kwenye bomba la moshi ziungue.

Mimi niliingiza njiti kwenye vijumba saba. Ute ulitoka, lakini wa majimaji, ukakatika hapo hapo mdomoni mwa kijumba. Nikashusha pumzi. Niseme wazi: uozo wa Kimarekani sijauona kwa macho yangu hapa Pemba, na kusini mwa Jangwa la Sahara kwa jumla hauripotiwi sana. Lakini Afrika Kusini nao walikuwa wakisema hivyo hivyo, mpaka mwaka 2009 ulipogundulika kwenye mizinga ya Western Cape.

Kuna vingine vinavyofanana na uozo na si uozo. Jana lililokufa likawa kama kifuko cha maji, kichwa kimeinuka, ni ugonjwa wa virusi. Jana lililokauka likawa gumu na jeupe kama kipande cha chaki ni ukungu. Na ukikuta masega yote yameloa ute, asali inatoka povu na kunuka machungwa yaliyooza, tazama vizuri: utaona vifunza vya yule mende mdogo mweusi wa mizingani. Huyo ni mwenyeji wa Afrika, na joto letu lenye unyevu linamfaa. Dawa ya bakteria haimhusu.

Kama una shaka, kata kipande cha sega chenye majana wagonjwa, kama sentimita 10 kwa 10, ukifunge kwenye karatasi, ukipeleke kwa afisa mifugo au ofisi ya misitu ya wilaya. Karatasi, si plastiki. Ndani ya plastiki sampuli huota ukungu kabla haijafika. Magonjwa yote mawili yamo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ya magonjwa yanayopaswa kuripotiwa, kwa hiyo unapokwenda ofisini huendi kuomba hisani. Na usichome kitu kabla majibu ya sampuli hayajatoka.

Dawa ya kuku

Naanza na hii kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Maduka ya dawa za mifugo yanayo, haina gharama kubwa, na jirani ameshaitumia kwa kuku wake wakapona. Dawa yenyewe mara nyingi ni oksitetrasaiklini, na ni kweli kwamba imetumiwa kwa nyuki miaka mingi, hasa Marekani.

Kwa uozo wa Kimarekani, kinachotokea ni hiki. Dawa inawaua bakteria waliokwisha kuamka na wanaozaana ndani ya tumbo la jana. Spora haiguswi. Spora ni mbegu ya bakteria iliyojivika gamba gumu. Imekaa kwenye nta, kwenye asali, kwenye ubao wa mzinga, inasubiri. Gamba moja la jana lililokufa linaweza kuwa na spora zaidi ya bilioni 2, na jana changa la siku moja linaweza kuambukizwa kwa spora 10 tu. Basi unatia dawa, majana yanang'aa, unafurahi, unagawa kundi, unampa shemeji yako sega moja la kuanzia. Dawa ikiisha, ugonjwa unarudi, na sasa uko kwenye mizinga miwili, mmoja kwako na mmoja kwa shemeji.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya haukuweka kiwango chochote cha mabaki ya dawa hizi kinachoruhusiwa kwenye asali, na New Zealand wafugaji huchoma badala ya kutia dawa. Marekani kwenyewe bakteria sugu walishajitokeza, dawa nyengine zikaongezwa, na tangu 2017 mfugaji hapati dawa hiyo bila agizo la daktari wa mifugo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas nao walionesha mwaka huo huo kwamba nyuki waliolishwa tetrasaiklini, dawa ya jamii hiyo hiyo, walipoteza bakteria wema wa tumboni mwao na wakafa wengi zaidi kuliko wenzao.

Kwa uozo wa Ulaya hoja ni laini kidogo, kwa kuwa hakuna spora, na dawa inaweza kweli kulinyanyua kundi. Lakini Uingereza, walipolinganisha makundi yaliyotiwa dawa na yaliyokung'utwa, yaani nyuki waliotikiswa watoke kwenye masega ya zamani wakajenge mapya, yaliyokung'utwa ndiyo yaliyorudiwa na ugonjwa mara chache zaidi.

Halafu kuna suala la asali yenyewe. Maelekezo ya Marekani yanataka dawa isimamishwe wiki 6 kabla ya nyuki kuanza kuingiza asali ya kuvuna. Kwetu hapa ziko wapi wiki 6 tupu? Mnazi hutoa maua mwaka mzima. Miembe inaanza, mizambarau inafuata. Nyuki wetu hawana majira ya baridi ya kukaa ndani. Na mteja wa asali Zanzibar, hasa ukikaribia mwezi wa Ramadhani, ananunua kwa nia ya shifaa. Anampa mtoto mwenye kikohozi, anampa mzazi aliyetoka kujifungua. Kumuuzia asali yenye dawa ya kuku ni dhuluma, hata kama hatajua.

Niongeze na hili la pakiti: nyingi zimechanganywa na vitamini, na kipimo kilichoandikwa ni cha maji ya kunywa ya kuku. Jamaa mmoja niliyemuuliza alipimaje aliniambia, "Kwa kukisia tu." Majana yake yalisafika wiki mbili. Kusi halijaisha yakaanza tena kunuka.

Moto

Moto ndiyo njia pekee ninayoiamini kwa uozo wa Kimarekani, na naiona ni ya kupita kiasi kwa uozo wa Ulaya. Uingereza, uozo wa Kimarekani ukithibitishwa, kundi huangamizwa na masega huchomwa kwa sheria, wala hakuna kubishana na mkaguzi.

Kazi hufanywa jioni, nyuki wote wameshaingia. Mlango unazibwa, nyuki wanauliwa kwanza kwa mvuke wa petroli inayomiminwa ndani, mzinga unafungwa tena mpaka kimya kitande. Kisha masega, asali, majana na nyuki waliokufa vinatiwa shimoni, vinachomwa mpaka jivu, na shimo linafukiwa. Kufukia si mapambo. Nta huyeyuka na asali huchuruzika kabla hazijaungua, na nyuki wa mizinga mengine wakiikuta asubuhi wataichukua kwenda nayo nyumbani. Na petroli na moto si kazi ya mtu mmoja wala ya siku ya upepo. Kuwe na mtu wa pili, ndoo za maji na mchanga, na petroli ikimwagwa tena wakati moto umeshawaka, utaungua wewe.

Hapa jiografia yetu inaingia. Bonde la Chake au Wete, udongo mwekundu, shimo la goti ni kazi ya nusu saa. Micheweni, au Makunduchi na Kizimkazi kule Unguja, ni maweni. Jembe linatoa cheche. Mimi masega ya mizinga niliyoikung'uta niliyachomea kwenye shimo lililoachwa na wachimba mawe, nikafukia kwa kifusi. Ukiwa karibu na tanuu la chokaa, zungumza na mwenyewe, moto wake unatosha na kubaki. Kitu cha kutofanya ni kuwasha pembezoni mwa msitu wakati wa kiangazi. Ukiwa upande wa Ngezi au Jozani, hiyo peke yake itakuletea sheha mlangoni, na kwa haki.

Gharama? Inategemea umefugia nini. Mzinga wa gogo uchome wote, hakuna cha kuokoa; ndani kumekwaruzika, kuna nyufa, spora zitajificha humo. Gogo jengine utalipata. Mzinga wa viunzi, ule wa sanduku lenye miti juu, choma masega na viunzi, sanduku libaki. Mzinga wa fremu, choma fremu zote na karatasi za nta, masanduku yabaki. Sanduku lililobaki linakwanguliwa nta na gundi ya nyuki yote, makwanguo yanatiwa motoni, kisha ndani linababuliwa kwa bomba la moto la gesi mpaka ubao uwe rangi ya kahawa, pembeni na kwenye maungio hasa. Usikimbilie rangi ya jivu, unaharibu ubao.

Wengine huchemsha. Kostiki soda ile ile ya wanaotengeneza sabuni ya mwani, gramu 10 kwa kila lita 1 ya maji, mbao zikachemka humo dakika 20. Inafanya kazi, lakini soda itiwe kwenye maji, si maji kwenye soda, glavu na miwani viwepo, na sufuria isiwe ya aluminiamu. Kwa mtu mwenye masanduku mawili, bomba la gesi la kuazima kwa fundi ni rahisi zaidi.

Kinachouma kwenye moto si mbao, ni nyuki. Ami hakukubali kabisa. "Kuua kundi zima?" Nikamwambia, ami, kundi lenye uozo wa Kimarekani likidhoofika, nyuki wa mizinga mengine wataliibia asali na kubeba spora, wanaruka kilomita 3 na kupita kwa kutafuta chakula. Kuliacha ni kuua mengine. Alinyamaza, lakini sikumwona kuridhika, na wala simlaumu.

Kukung'uta

Hii ndiyo niliyoichagua, kwa hiyo nitaisema kwa urefu, pamoja na nilivyoiharibu.

Fikra yake ni nyepesi. Ugonjwa uko kwenye masega na majana, si kwenye miili ya nyuki wakubwa. Hao hawaugui, wanabeba tu. Basi watenge. Unaandaa mzinga safi wenye viunzi vipya, kila kimoja kimepakwa mstari wa nta. Unauweka pale pale ulipokuwa wa zamani. Unawakung'utia nyuki wote humo, malkia akiwemo, na masega ya zamani yote unachoma. Kundi linajenga upya kama pumba lililotoka kuhama. Kwa karibu wiki moja hakuna jana la kulisha, na ugonjwa unakosa pa kukaa.

Wazo ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 William McEvoy, mkaguzi wa nyuki kule Ontario, Canada, aliitumia hata kwa uozo wa Kimarekani: nyuki wanakung'utwa, wanaachwa wajenge siku nne, wanamalizia asali yenye spora waliyoibeba matumboni, kisha sega hilo nalo linaondolewa na wanaanza tena. Huko kwao sawa. Huku, nyuki wetu wa pwani, yule wataalamu wanayemwita Apis mellifera litorea, ukimnyang'anya nyumba mara mbili ndani ya wiki moja hakusubiri. Anakwenda zake. Na kundi lenye spora likihamia kwenye tundu la mbuyu, umepanda ugonjwa mahali ambapo hutaweza kuufikia. Kwa hiyo msimamo wangu: kukung'uta ni kwa uozo wa Ulaya. Kwa ule mwengine, moto.

Mara ya kwanza nilikung'uta mzinga wa nne, asubuhi, saa tatu. Kosa la kwanza. Jua likapanda, mzinga mpya mtupu, unanuka mbao tu. Kosa la pili ni kwamba sikuwapa chakula. Saa nane mchana nilikuwa kisimani, nikasikia mvumo. Nikainua macho nikaona wingu lao linapita juu ya minazi kuelekea baharini, likageuka, likapotelea upande wa Kojani. Nilibaki na ndoo mkononi.

Mara ya pili ilikuwa ni mzinga wa saba, ambao nao ulikuwa umeanza. Safari hii nilisubiri baada ya alasiri, jua limelala. Sanduku jipya nilikuwa nimelipaka ndani nta ya kwangu na kulisugua majani ya mchaichai. Nilichukua sega moja moja, nikalishika juu ya sanduku, nikalishtua mara moja kwa nguvu, mkono unashuka na kusimama ghafla. Kupapasa-papasa hakufai, kunawakasirisha tu. Malkia nilimwona kwenye sega la tatu, nikamshusha kwa unyoya. Mlangoni nilipigilia kipande cha wavu wa kuzuia malkia, ule ambao vibarua wanapita lakini malkia hapiti, kwa sababu nyuki hawahami bila yeye. Ndani nikaweka maji ya sukari, kilo 1 kwa lita 1 ya maji, kwenye kifuu cha nazi kilichotiwa vijiti wasizame. Ndani, si nje: ukiweka nje unawaita majirani kuja kuiba, na siafu nao hawachelewi. Miguu ya kichanja nikaitia kwenye makopo yenye oili chafu.

Siku ya tano niliondoa wavu. Tayari kulikuwa na ndimi tatu za sega jeupe, na mayai ndani yake. Usiuache wavu zaidi ya hapo. Madume wanakwama mlangoni, wanakufa, wanaziba njia.

Jambo moja la hesabu: kundi lazima liwe na nyuki wa kutosha kufunika angalau viunzi vinne au vitano. Chini ya hapo halina nguvu ya kujenga. Unganisha makundi mawili yanayougua, au liache lijifie, uchome masega.

Malkia mpya na tumbo lililoshiba

Ami yangu hakukosea. Uozo wa Ulaya ni ugonjwa wa kundi lenye dhiki: nyuki walezi wachache, majana mengi, chakula kidogo, mvua ya wiki tatu mfululizo. Bakteria anashindania chakula ndani ya tumbo la jana. Jana lililoshiba hupona, lenye njaa hufa. Maua yakifunguka, makundi mengi hujisafisha yenyewe. Kwa hiyo kwa kundi ambalo ugonjwa ni vijumba kumi, ishirini, kulisha na kuondoa sega lile baya inatosha, na usinunue kitu.

Kumbadili malkia ni hatua ya mbele kidogo. Nchi nyengine hununua malkia kwa posta. Kwetu, unamuua malkia wa zamani, na unampa kundi kipande cha sega chenye mayai kutoka kwenye mzinga ulio bora, wenye nyuki wasafi. Watalea wao. Kutoka yai mpaka malkia kutoka kijumbani ni siku 16, kisha atahitaji kama wiki mbili nyengine aruke, apandwe, aanze kutaga. Unapata karibu mwezi bila majana machanga, na nyuki wanapata nafasi ya kusafisha vijumba. Ubaya wake ni kwamba kundi linazeeka mwezi huo mzima, na malkia akiliwa na ndege siku ya kuruka umeumia.

Nyuki wasafi unawajuaje? Toboa kwa pini vijumba 50 vilivyofunikwa, rudi kesho yake. Wanaofaa watakuwa wameshafukua na kuwatoa waliokufa karibu wote. Wazembe utakuta wafu wamo bado. Hili ni jaribio la bure, na naliona lina faida kuliko pakiti kumi za dawa.

Kuna chanjo ya uozo wa Kimarekani iliyopewa kibali cha masharti Marekani mwezi Januari 2023. Inapitia kwenye chakula cha malkia, na majana yake yanazaliwa na kinga. Habari njema kwa wao. Kwetu bado ni ya kusoma tu.

Mizinga ya kuletewa

Tuna bahari, na bahari ni ukuta. Lakini masanduku yaliyotumika yanaletwa kwa boti kutoka bara, mara nyingi yakiwa na bei nzuri na nta bado imo ndani. Mimi siyachukui, isipokuwa yamebabuliwa mbele ya macho yangu. Karatasi za nta za kununua nazo zinaweza kubeba spora, maana joto la kuyeyushia nta haliziui. Kwenye viunzi vyangu napaka nta ya mizinga yangu mwenyewe. Asali ya dukani siwapi nyuki, hata iliyobaki chupani. Na kisu cha mzinga kinapita motoni kila ninapotoka mzinga mmoja kwenda mwengine.

Mzinga wa nne, kama nilivyosema, ulihama. Wa saba ulifika wakati wa maua ya miembe ukiwa na viunzi tisa, na kwenye ukaguzi wa mwisho nilipita vijumba vyake kimoja kimoja, majana meupe, yamekaa kwenye maziwa yao kama herufi C. Ami alinusa sega, akalirudisha, akasema, "Sasa wapunguzie hiyo sukari." Sanduku la mzinga wa nne limeshababuliwa, limegeuzwa juu chini ukumbini, linasubiri vuli.